Kesi ya mtoto wa Delamere na ile miezi minane: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mara mahakama ya Kenya inapompa mtu mzito adhabu nyepesi, hazipiti saa nyingi kabla mtu hajasema, "Hii ni Delamere tena." Wanamaanisha kesi ya Thomas Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa walowezi wa Delamere, aliyefungwa miezi minane mwaka 2009 kwa kumuua Robert Njoya kwa risasi. Wengi wanaosema hivyo walikuwa shule ya msingi mwaka huo, na kesi yenyewe wanaijua kwa vipande: mzungu, shamba, bunduki, miezi minane. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi kila ninapoitaja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lenyewe lina mizizi mirefu, mengine yanaisha kwa mstari mmoja.

Jina hili Cholmondeley linatamkwaje?

"Chamli." Usihangaike na herufi zote hizo, Waingereza wenyewe huzimeza. Lakini ni Wakenya wachache waliolitumia. Mitaani alikuwa "yule mtoto wa Delamere" tangu siku ya kukamatwa hadi siku ya kuzikwa.

Alikuwa nani hasa?

Thomas Cholmondeley, aliyezaliwa mwaka 1968, kitukuu wa Lord Delamere wa tatu, yule mlowezi aliyeongoza siasa za Wazungu wa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue jijini Nairobi ilikuwa Delamere Avenue, na sanamu ya mzee huyo ilisimama hapo mpaka uhuru ulipokuja ikaondolewa. Thomas ndiye aliyekuwa anangoja kurithi cheo hicho cha Uingereza. Familia ilikuwa na shamba la Soysambu, karibu ekari 48,000 kando ya Ziwa Elementaita, kati ya Naivasha na Nakuru.

Ni nini kilitokea tarehe 10 Mei 2006?

Robert Njoya Mbugua, fundi wa mawe aliyeishi kijiji cha jirani, aliingia Soysambu na wenzake wakiwa na mbwa. Walikuwa wanawinda swala. Cholmondeley alikuwa akitembea shambani na rafiki yake, akakutana nao. Alifyatua risasi. Mbwa wawili walikufa, na Njoya akapigwa risasi akafariki akiwa njiani kupelekwa hospitalini. Aliacha mke na watoto.

Maelezo ya kwanza ya Cholmondeley yalikuwa kwamba aliwalenga mbwa, hakumwona mtu. Baadaye kesi ikiendelea, upande wa utetezi ukaleta hoja kwamba huenda risasi iliyomuua Njoya ilitoka kwenye mkono mwingine. Jaji hakuikubali hoja hiyo.

Ni kweli aliachiliwa huru?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Alipatikana na hatia.

Basi alipatikana na hatia ya nini?

Alishtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo wakati huo adhabu yake ilikuwa moja tu, kunyongwa. (Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini jaji alilazimika kutamka hukumu ya kifo hata hivyo, mpaka Mahakama ya Juu ilipoondoa ulazima huo mwaka 2017.) Kesi ilianza kusikizwa Septemba 2006 katika Mahakama Kuu ya Nairobi mbele ya Jaji Muga Apondi. Keriako Tobiko, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, aliongoza upande wa mashtaka. Wakili wa utetezi alikuwa Fred Ojiambo.

Tarehe 7 Mei 2009, siku tatu tu kabla ya kutimia miaka mitatu tangu Njoya apigwe risasi, jaji alisema shtaka la mauaji halikuthibitishwa, ila mshtakiwa ana hatia ya kuua bila kukusudia. Wiki moja baadaye, tarehe 14 Mei, akampa kifungo cha miezi minane.

Tafadhali tenganisha siku hizo mbili. Ya kwanza ni hukumu kuhusu hatia, ya pili ni adhabu. Mtu anaweza kukubaliana na moja akaipinga nyingine, na mimi ni mmoja wa watu hao.

"Bila kukusudia" maana yake nini, ikiwa alishika bunduki akalenga akafyatua?

Sheria ya Kenya inatofautisha makosa haya mawili kwa kitu kimoja: nia mbaya iliyotangulia. Ukiua mtu ukiwa umedhamiria kumuua au kumjeruhi vibaya, au ukijua kwamba unachofanya huenda kikamuua, hayo ni mauaji. Ukisababisha kifo kwa kitendo kisicho halali lakini dhamira hiyo haikuthibitishwa, hapo ni kuua bila kukusudia.

Jaji Apondi hakuona dhamira hiyo. Alizingatia kwamba mbwa walikuwepo na wakapigwa risasi, na kwamba baada ya Njoya kuanguka mshtakiwa alimpa huduma ya kwanza na kusaidia apelekwe hospitalini. Mtu aliyekusudia kuua, kwa mantiki hiyo, hafungi jeraha la anayemuua.

Unaweza kubishana na mantiki hiyo. Anayefyatua bunduki ya kuwindia kuelekea kichaka ambacho mbwa wametokea anapaswa kujua kwamba mbwa hawaendi kuwinda peke yao. Lakini ukisema uamuzi huu ulikuwa kichekesho cha kisheria utakuwa umezidisha. Wazee wawili wa baraza waliokaa na jaji walikuwa tayari wamesema, mapema mwaka huohuo, kwamba kwa maoni yao hana hatia kabisa. Jaji hafungwi na maoni yao, na hakuyafuata. Aliwapita upande wa ukali.

Miezi minane ilitoka wapi?

Hapa ndipo hata wanasheria hukuna kichwa. Kosa la kuua bila kukusudia linaweza kukupeleka jela maisha. Sheria haiweki kiwango cha chini, kwa hiyo jaji ana uwanja mpana kuanzia siku moja hadi kifungo cha maisha.

Aliyoyapima ni haya: mshtakiwa alikuwa amekaa rumande katika gereza la Kamiti tangu Mei 2006, yaani miaka mitatu; na alimsaidia majeruhi. Jaji mwenyewe aliita adhabu hiyo nyepesi, akaeleza kwamba anampa mtu huyo nafasi ya kutafakari maisha yake. Ukijumlisha miaka mitatu ya rumande na miezi minane unapata kama miaka mitatu na nusu na ushei. Kisha kuna msamaha wa theluthi moja ambao wafungwa wengi wenye nidhamu hupata, ndiyo maana alitoka Oktoba 2009 badala ya Januari 2010.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hakuna aliyeisikia. Siku hiyo nilikuwa kwenye matatu iliyokuwa bado haijajaa pale Nakuru, redio imefunguliwa, abiria wanabishana kuhusu chenji. Mtangazaji aliposema "miezi minane" kondakta aliacha kuita abiria, akainamisha kichwa dirishani kuuliza kama amesikia vizuri. Alipothibitishiwa akasema hata mimba inahitaji tisa. Gari zima lilicheka, halafu likanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Mama mmoja nyuma akauliza kama hiyo miaka mitatu ya rumande imehesabiwa. Hakuna aliyemjibu.

Watu walifanya nini hukumu ilipotoka?

Mahakamani kulikuwa na watu waliopaza sauti kupinga, na watetezi wa haki za binadamu wakasema waziwazi kwamba Kenya ina sheria mbili. Familia ya Njoya haikuficha masikitiko. Mfano uliotajwa zaidi ulikuwa wa mwizi wa kuku. Kenya mfano huo hautafutwi mbali: kila mtu anamjua kijana wa mtaani kwake aliyefungwa mwaka mzima au zaidi kwa kuku, simu, au gunia la mahindi.

Hata hivyo zile ghasia zilizotabiriwa hazikutokea. Vyombo vya habari vya nje vilikuwa vimejiandaa kwa uvamizi wa mashamba kama wa Zimbabwe, na baadhi ya makala yaliandikwa kana kwamba ndio umeshaanza. Watu wa Gilgil na Naivasha waliokuwa wakipanga foleni ya maji wangeshangaa kuyasoma.

Kwa nini hasira ilikuwa kubwa hivyo kwa kesi ambayo angalau ilisikizwa hadi mwisho?

Kwa sababu haikuwa ya kwanza. Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Tarehe 19 Aprili 2005, mwaka mmoja na wiki tatu kabla ya Njoya, maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, waliingia Soysambu wakiwa wamevaa kiraia. Walikuwa wanachunguza madai ya biashara ya nyama ya wanyamapori. Walipoanza kuwakamata wafanyakazi, Cholmondeley aliitwa, akaja na bunduki, na Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, Mmasai, akauawa kwa risasi. Cholmondeley alisema alidhani ni majambazi wamevamia shamba, naye akajihami. Ujambazi katika eneo hilo haukuwa hadithi ya kubuni, na hilo lazima lisemwe.

Alishtakiwa kwa mauaji. Kabla kesi haijaanza kusikizwa, Mei 2005, Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliwasilisha nolle prosequi, ile karatasi ya Kilatini ambayo Wakenya wa enzi hizo waliijua kuliko Kilatini chochote cha kanisani. Maana yake ni kwamba serikali haitaki kuendelea na mashtaka. Katiba ya zamani ilimpa mamlaka hayo bila kulazimika kupata kibali cha hakimu. Mshtakiwa akaenda nyumbani. Wamasai waliandamana, viongozi wao wakatishia kuingia Soysambu, na serikali ikajikuta inatoa maelezo ambayo hayakumtosheleza mtu.

Sasa mwaka mmoja baadaye, shamba lilelile, mtu yuleyule, bunduki tena, maiti nyingine. Kwa sheria, jaji wa kesi ya Njoya hakuruhusiwa kumhukumu mshtakiwa kwa kifo cha Sisina. Ilikuwa sahihi kabisa kutoruhusiwa. Lakini wananchi hawakuwa na sheria hiyo vichwani. Wao walikuwa wanahesabu wafu wawili na adhabu moja. Ile miezi minane waliigawanya kwa mbili.

Ndiyo maana nasema kesi ya Njoya ilibebeshwa mzigo wa Sisina. Faili la kwanza lilifungwa ofisini bila shahidi hata mmoja kuulizwa swali, na lile la pili likatakiwa kulipa deni la yote mawili. Hata miaka mitano ingeonekana michache. Mimi adhabu ya mwaka 2009 naiona nyepesi, lakini nikiulizwa haki ilikwamia wapi, nitaonyesha Mei 2005.

Ilikuwa suala la rangi au la pesa?

Huwezi kuzitenganisha kwa kisu. Waafrika matajiri wameponyoka mikono ya sheria Kenya mara nyingi sana, na wenye kusema "ni tabaka, si rangi" hutaja hilo haraka. Wana hoja. Mtu mwenye wakili wa daraja la Ojiambo anaingia mahakamani akiwa mtu tofauti na yule anayepewa wakili wa kulipwa na serikali aliyelisoma faili asubuhi ileile.

Lakini swali la rangi Kenya mara nyingi ni swali la ardhi lililovaa shati jingine. Mabonde hayo yalikuwa malisho ya Wamasai. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Bonde la Ufa, wa mwaka 1911 ukawaondoa Laikipia walikopelekwa, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, waliandamana kudai ardhi. Miezi minane baadaye Sisina akauawa. Kwa hiyo wakati Soysambu ilipokuwa habari kuu, hadithi ilikuwa imeshaanza zamani, na watu waliijua inavyoendelea.

Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana. Njoya hakuwa Mmasai. Alikuwa mwanakijiji wa pembeni mwa uzio, kati ya watu wengi waliosongamana kwenye vipande vidogo wakitazama ekari 48,000 zenye swala. Uwindaji bila kibali ni haramu Kenya tangu mwaka 1977, na yeye alikuwa anavunja sheria. Kosa hilo halina adhabu ya kifo, na kwenye sentensi hiyo moja Wakenya wa makabila yote walikubaliana, jambo ambalo kati ya 2007 na 2009 halikuwa rahisi kupatikana.

Kwa nini hapakuwa na juri, lile kundi la raia wanaoamua hatia, kama tunavyoona kwenye filamu?

Kenya ilikuwa nayo. Tatizo ni nani alikuwa nayo. Wakati wa ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kosa zito alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji, akisaidiwa na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Mpango huo ulizaa hukumu ambazo wazee wetu hawakuzisahau.

Mwaka 1911 Galbraith Cole alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Juri ya walowezi ikamwachilia. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ya London iliamuru afukuzwe nchini. Shamba la Cole lilikuwa Kekopey, kando ya Ziwa Elementaita hilohilo, na dada yake ndiye aliyekuwa mke wa Lord Delamere wa tatu. Ukiandika hivyo kwenye riwaya mhariri atakuambia umezidisha.

Mwaka 1923, Molo, mlowezi mmoja na watu wake walimchapa mfanyakazi aitwaye Kitosh kwa sababu alimpanda farasi jike aliyeagizwa amwongoze kwa miguu. Kitosh alifungwa kamba akaachwa stoo, usiku huo akafa. Madaktari wawili wa Kizungu walitoa ushahidi kwamba alikufa kwa sababu alitaka kufa. Juri ikasema kosa ni kujeruhi vibaya. Kifungo: miaka miwili.

Halafu kuna mwaka 1960. Peter Poole, mhandisi wa Nairobi, mwaka uliotangulia alikuwa amempiga risasi na kumuua Kamawe Musunge aliyewarushia mbwa wake mawe. Mbwa tena, kama unafuatilia. Safari hii juri ya Wazungu ilimpata na hatia ya mauaji. Maelfu ya Wazungu walitia saini ombi la msamaha, gavana akakataa, na Poole akanyongwa Agosti mwaka huo. Ndiye Mzungu pekee aliyenyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na kila mtu alijua hukumu hiyo ilikuwa inasomwa na nani.

Wale wazee wawili wa baraza wa mwaka 2009 walikuwa mabaki ya utaratibu huo. Bunge lilishaufuta mwaka 2007, ila kesi hii ilikuwa imeanza kabla, kwa hiyo wakabaki vitini.

Watu wa Mombasa hutaja Monica Njeri. Anaingiaje hapa?

Anaingia kwa mlango wa mbele. Mwaka 1980 Monica Njeri aliuawa Mombasa na baharia wa jeshi la majini la Marekani, Frank Sundstrom. Baharia alikiri kuua bila kukusudia. Jaji, Mwingereza aitwaye Leslie Harris, akamwachilia kwa dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya kuwa na mwenendo mzuri kwa miaka miwili. Shilingi 500. Magazeti yalichemka, bungeni wakachemka, na huko Pwani jina la Monica likawa kipimo. Mwaka 2009 wenye umri walisema angalau huyu amelala Kamiti.

Wazungu wa Kenya walionaje?

Hawakuwa kitu kimoja. Wapo waliomwona mwenzao kama aliyetolewa kafara: kwamba angekuwa Mwafrika mwenye shamba aliyempiga risasi mwindaji haramu, asingekaa rumande miaka mitatu wala dunia isingejua jina lake. Sehemu ya kwanza si kweli. Wakati huo mtu yeyote aliyeshtakiwa kwa mauaji alikosa dhamana, na Kamiti ilijaa Waafrika waliongoja kesi kwa muda huohuo au zaidi. Sehemu ya pili, ya jina, ni kweli tupu.

Wengine walimkasirikia yeye. Kuna Wakenya Wazungu ambao wamekaa maisha yao yote wakijaribu kuishi bila kukumbushwa enzi za walowezi, na mtu mmoja mwenye bunduki aliwarudisha huko mara mbili ndani ya miezi kumi na tatu.

Kwa nini kesi hii ikawa kubwa kuliko za maelfu ya wengine waliouawa kipindi hichohicho?

Swali zuri, na linauma. Kesi ikiwa katikati, Kenya iliingia kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakahama makwao. Januari 2008 watu waliteketezwa ndani ya nyumba Naivasha, mwendo mfupi kutoka Soysambu. Waliohukumiwa kwa mauaji hayo ni wachache mno. Tulimjua Njoya kwa jina, na hao wengine tukawajua kwa idadi.

Nadhani kesi hii ilikuwa rahisi kuikasirikia. Haikututaka tumtazame jirani.

Je, kesi hiyo ilibadilisha chochote kwenye sheria?

Ndiyo, na kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa mitaani angeitabiri.

Mwaka 2008, kesi ikiendelea, jaji aliuamuru upande wa utetezi uwape waendesha mashtaka baadhi ya nyaraka zake. Mawakili wakakata rufaa. Mahakama ya Rufaa ikasema mshtakiwa halazimiki kufungua mkoba wake kwa wanaomshtaki; serikali ndiyo yenye wajibu wa kumpa mshtakiwa ushahidi wote ilio nao mapema, hata ule unaomsaidia yeye. Uamuzi huo unanukuliwa mahakamani hadi leo. Kijana aliyeshtakiwa kwa kuiba ng'ombe Kitale, ambaye wakili wake anasimama kudai apewe maelezo ya mashahidi kabla kesi haijaanza, mara nyingi anaegemea jina la Cholmondeley. Mjukuu wa mabwana shamba alimwachia mwizi wa kuku urithi, bila kukusudia.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Ile kalamu ya nolle prosequi ilinyang'anywa Mwanasheria Mkuu. Kifungu cha 157 kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kusitisha kesi, lakini lazima aombe ruhusa ya mahakama kwanza. Siwezi kusema kifungu hicho kiliandikwa kwa sababu ya Sisina peke yake. Karatasi hiyo ilikuwa imetumika vibaya miaka mingi, hasa pale wananchi walipojaribu kuwashtaki vigogo wenyewe. Ila kila ninapokisoma namwona yeye. Na kifungu cha 49 kikafungua dhamana hata kwa wanaoshtakiwa kwa mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuwanyima.

Cholmondeley alipatwa na nini baadaye?

Alirudi Soysambu. Tarehe 17 Agosti 2016 alifariki katika hospitali ya Nairobi baada ya upasuaji wa nyonga, akiwa na miaka 48. Habari ya kifo chake ilisambaa kwa dakika chache, na maoni ya watu yalikuwa yaleyale ya mwaka 2009 yaliyohifadhiwa kwenye barafu.

Shamba bado lipo?

Lipo. Tangu mwaka 2007 sehemu kubwa ni hifadhi ya wanyama. Ziwa Elementaita lenyewe liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria, na watalii huja kuwaona flamingo na wari.

Niliambiwa kuna mlima pale unaoitwa kwa jina la familia. Ni kweli?

Ukitoka Naivasha kwenda Nakuru, baada ya Gilgil barabara inapanda kidogo, halafu ziwa linatokea kushoto. Hapo wauza asali na mawe ya kung'aa husimama, na magari mengi hupunguza mwendo. Ng'ambo ya maji kuna kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali: paji la uso, pua, kidevu, kifua. Wamasai wanasema ni morani aliyelala. Walowezi waliiangalia ile pua tu, wakakiita kilima Pua ya Delamere.

Mara ya mwisho nilipopita, kijana aliyekaa karibu nami alikuwa anakipiga picha kilima kwa simu. Nilimuuliza anapaitaje. Akasema kwao Gilgil wanapaita tu "yule jamaa amelala," akageuza simu upande ili kidevu kiingie.